Miji ya Kikoloni ya Nyanda za Juu za Meksiko: Mwongozo Kamili wa Safari na Namna ya Kuchagua Hoteli ya Kale

Miji ya nyanda za juu za Meksiko ilizaliwa na madini ya fedha. Mwaka 1546 Wahispania waligundua madini hayo Zacatecas, na haikupita miaka mingi wakayapata tena Guanajuato. Kwa karibu miaka mia tatu iliyofuata, mali iliyotoka ardhini huko ndiyo iliyogharimia makanisa, majumba ya wenye migodi, nyumba za watawa na mifereji ya maji iliyobebwa na matao ya mawe. Utawala wa Hispania ulikoma mwaka 1821. Majengo yalibaki, na mengi kati yake leo ni hoteli.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuiona miji hiyo vizuri na kulala ndani ya kuta zake za kale, badala ya kwenye hoteli mpya iliyo kando ya barabara kuu. Nina msimamo mmoja ambao utauona kila mahali humu: katika miji hii, hoteli ni nusu ya safari. Nyumba za wakati ule zilijengwa zikiupa mtaa mgongo. Ukipita nje unaona ukuta, madirisha yenye nondo na mlango mkubwa wa mbao. Chemchemi, miti, matao na ngazi za mawe vyote viko ndani, kwenye ua. Asiyeingia humo huondoka akiwa ameona kuta tu.

Hatua ya kwanza: chagua miji miwili, au mitatu ikizidi sana

Watu wengi hupanga miji mitano kwa wiki moja. Matokeo yake ni kwamba kila siku wanafungasha mizigo, wanasubiri basi, wanafika jioni wamechoka. Chagua michache, ukae siku tatu au nne kila mmoja. Hii hapa ile ninayoona inastahili, pamoja na sababu zake.

Guanajuato, ulio mita zipatazo 2,000 juu ya usawa wa bahari, ndio ningemshauri mtu aanze nao. Umebanwa kwenye bonde jembamba, na nyumba zake za manjano, nyekundu na buluu zinapanda vilima zikiwa zimebebana. Sehemu kubwa ya magari hupita chini ya ardhi, kwenye mahandaki ambayo baadhi yake yalikuwa njia ya mto uliokuwa ukiufurikisha mji. Kwa hiyo juu kumebaki vichochoro vya waendao kwa miguu. Pale Callejón del Beso, roshani za nyumba mbili zinazotazamana zimeachana sentimita 68 hivi. Mji wa kale pamoja na migodi ya jirani uliingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1988. Mchoraji Diego Rivera alizaliwa hapa mwaka 1886, na nyumba yao sasa ni makumbusho. Jengo linalonigusa kuliko yote ni ghala la nafaka liitwalo Alhóndiga de Granaditas. Tarehe 28 Septemba 1810, wafuasi wa Miguel Hidalgo, padri aliyeanzisha vita vya uhuru, wengi wao wakulima na wachimba migodi, walilivamia wakati Wahispania wamejifungia ndani pamoja na mali zao. Mwaka uliofuata Hidalgo na wenzake watatu waliuawa, na vichwa vyao vikatundikwa kwenye pembe nne za ghala hilo. Vilikaa hapo hadi uhuru ulipopatikana.

San Miguel de Allende uko karibu saa moja na nusu kutoka Guanajuato kwa basi. Ni mji mpole zaidi, ghali zaidi, na wenye wageni wengi zaidi. Wamarekani na Wakanada walianza kuhamia hapa baada ya Vita Kuu ya Pili, wakivutwa na shule za sanaa, na hadi leo utasikia Kiingereza kila kona. Wapo wanaoudharau kwa sababu hiyo. Mimi sikubaliani nao: hakuna mji mwingine katika ukanda huu wenye hoteli nyingi nzuri za kale kwa umbali wa kutembea. Kanisa lake kuu, Parroquia de San Miguel Arcángel, lina sura ya mbele ya jiwe la waridi iliyobuniwa na fundi Zeferino Gutiérrez mwishoni mwa karne ya 19, na inasimuliwa kwamba aliiga picha za makanisa ya Ulaya. Kilomita 14 kutoka mjini kuna kanisa la Atotonilco, ambalo kuta na dari zake zimejaa michoro kutoka juu hadi chini. Mji na kanisa hilo viliingia Urithi wa Dunia pamoja, mwaka 2008.

Querétaro ni jiji kubwa, lakini kitovu chake cha kale ni safi, kimepangwa vizuri, na hakina msongamano wa watalii. Mfereji wake wa maji una matao 74 na ulijengwa katika karne ya 18. Kwenye kilima cha Cerro de las Campanas ndipo Maximilian, mtoto wa ukoo wa kifalme wa Austria aliyeletwa na Wafaransa kuwa mfalme wa Meksiko, alipigwa risasi tarehe 19 Juni 1867. Katiba ya mwaka 1917, ambayo kwa marekebisho mengi inatumika mpaka leo, ilipitishwa katika ukumbi wa maonyesho wa mji huu.

Morelia, mji mkuu wa jimbo la Michoacán, umejengwa karibu wote kwa jiwe la waridi, na kanisa lake kuu lilichukua miaka 84 kukamilika, kuanzia 1660 hadi 1744. Zamani ukiitwa Valladolid. Ukabadilishwa jina mwaka 1828 kumuenzi José María Morelos, mzaliwa wake, padri aliyeongoza vita vya uhuru baada ya Hidalgo kuuawa. Kama saa moja kutoka hapo kuna Pátzcuaro, mji mdogo wenye nyumba za matofali ya udongo zilizopakwa chokaa nyeupe juu na rangi nyekundu iliyokoza chini, karibu na ziwa. Ukipenda kazi za mikono kuliko makanisa, weka Pátzcuaro mbele ya San Miguel.

Zacatecas, kwenye mita 2,440 hivi, ndio ulio mbali zaidi upande wa kaskazini na wenye baridi zaidi. Sura ya mbele ya kanisa lake kuu imechongwa kwa wingi kiasi kwamba jicho halipati pa kupumzika. San Cristóbal de las Casas, mita 2,200, uko kusini kabisa katika jimbo la Chiapas na ni safari ya peke yake. Vijiji vinavyouzunguka ni vya Wamaya wanaozungumza Kitzotzil na Kitzeltal. Oaxaca uko chini kidogo, kama mita 1,550, nao unasifika kwa chakula.

Sasa neno kuhusu usalama, maana si haki kulificha. Majimbo ya Guanajuato, Michoacán na Zacatecas yameathiriwa sana na vita vya magenge. Sehemu kubwa ya mauaji hutokea mbali na vitovu vya miji hii ya kale, lakini hali hubadilika. Soma matangazo ya usafiri ya karibuni kwa kila jimbo, safiri mchana, tumia mabasi ya daraja la kwanza yanayopita barabara kuu za kulipia, na usikodi gari uendeshe usiku. Kwa anayekwenda mara ya kwanza, Querétaro na San Miguel, ukiongeza Guanajuato, ndiyo njia rahisi kuliko zote.

Hatua ya pili: panga majira kabla ya tarehe

Mvua hunyesha kuanzia Juni hadi Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, na kwa kawaida huja alasiri: asubuhi jua, saa kumi mawingu, saa kumi na moja radi. Vilima vyote huwa kijani, na hoteli hushusha bei. Joto kali zaidi ni Aprili na Mei. Desemba na Januari mchana ni wa kupendeza, ila usiku kipimo hushuka hadi karibu nyuzi sifuri, hasa Zacatecas.

Angalia sikukuu pia, kwa sababu zinaamua kama utapata chumba. Tamasha la Cervantino huijaza Guanajuato kila Oktoba tangu mwaka 1972. Usiku wa tarehe 15 Septemba, mkesha wa sikukuu ya uhuru, San Miguel, Querétaro na mji jirani wa Dolores Hidalgo hujaa watu kutoka nchi nzima. Sikukuu ya Malaika Mikaeli, mwishoni mwa Septemba, huanza San Miguel kwa fataki kuanzia saa kumi alfajiri. Ukitaka usingizi usiende wiki hiyo, ukitaka kuona mji unavyompenda mlinzi wake usikose. Tarehe 1 na 2 Novemba, siku za kuwakumbuka marehemu, vyumba vya Pátzcuaro hushikwa miezi mingi kabla. Kuanzia Novemba hadi Machi, vipepeo aina ya monaki kutoka Kanada na Marekani hukusanyika kwa mamilioni kwenye misitu ya milima ya Michoacán, na Morelia ni kituo kizuri cha kuwafuata.

Kama nalazimika kutaja wakati mmoja, ni Novemba baada ya wiki ya kwanza: mvua zimekwisha, ardhi bado ina kijani, na bei hazijapanda kwa ajili ya Krismasi.

Hatua ya tatu: hati na njia ya kufika

Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania au Uganda anahitaji viza ya Meksiko. Lakini kuna mlango wa pembeni ambao wengi hawaujui. Meksiko humruhusu kuingia kwa utalii bila viza yake mtu mwenye viza halali ya Marekani, Kanada, Uingereza, Japani au ya nchi za Schengen, na vilevile mkaazi wa kudumu wa nchi hizo. Thibitisha na ubalozi wa Meksiko kabla ya kulipa tiketi, kwa kuwa masharti hubadilika. Ofisa wa uwanja wa ndege anaweza kutoa hadi siku 180, ila siku hizi wengi huandika pungufu. Soma idadi aliyokupa kabla ya kuondoka dirishani.

Ukipitia Marekani utahitaji viza yao hata kama hutoki nje ya uwanja. Kwa hiyo asiye nayo apite Istanbul au miji ya Ulaya yenye ndege za moja kwa moja hadi Jiji la Meksiko, na ahakikishe kwanza kama pasipoti yake inadai viza ya kupita.

Kutoka Jiji la Meksiko huna haja ya ndege nyingine, isipokuwa unakwenda Zacatecas au Chiapas. Mabasi ya daraja la kwanza, kama ya ETN na Primera Plus, yana viti vipana vinavyolala, choo na mahali pa kuchaji simu. Mengi ya kaskazini huondokea Terminal Central del Norte. Querétaro ni kama saa tatu, San Miguel nne, Guanajuato nne na nusu hadi tano. Yapo pia mabasi ya moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege hadi Querétaro, na hii ndiyo njia ninayoipendekeza kwa aliyeshuka kutoka safari ndefu: hana haja ya kulikatiza jiji lenye foleni. Anayeruka ndani ya nchi ashukie uwanja wa Bajío, ulio Silao, kwa ajili ya Guanajuato, au uwanja wa Querétaro kwa ajili ya San Miguel.

Gari la kukodi liache. Guanajuato hasa, ramani ya simu hupotea ukiingia mahandakini, na ukitoka upande mwingine unajikuta juu ya kilima usichokijua, huku hoteli yako iko kwenye kichochoro kisichopitisha hata pikipiki.

Hatua ya nne: chagua hoteli, kisha chagua chumba

Hapa ndipo pa kutumia muda.

Kwanza elewa jengo lenyewe. Nyumba ya tajiri wa karne ya 18 ina sehemu zinazojirudia. Ukivuka mlango mkubwa unaingia kwenye njia yenye paa iitwayo zaguán, pana vya kutosha kupitisha farasi, na sakafu yake mara nyingi ni ya kokoto za mtoni zilizopangwa. Inakutoa kwenye ua wa kwanza, uliozungukwa na matao. Hapa ndipo wenye mali walipoishi na kupokea wageni. Nyuma yake kuna ua wa pili, mdogo, wa jiko, watumishi na wanyama. Juu ya yote kuna azotea, yaani paa la kukaa. Ukilijua hilo, unapoona picha za hoteli mtandaoni unaweza kubashiri chumba fulani kilikuwa cha nani na kitakuwaje usiku.

Hoteli za kale ziko za aina tatu hivi. Zipo zilizokuwa nyumba za familia: Casa de Sierra Nevada ya San Miguel ni mkusanyiko wa nyumba za namna hiyo, na Virrey de Mendoza ya Morelia iko kwenye jumba linalotazama bustani kuu. Zipo zilizokuwa za dini. Mfano mzuri ni Quinta Real ya Oaxaca, iliyokuwa nyumba ya watawa wa Santa Catalina kuanzia karne ya 16. Uani bado yamebaki mabeseni ya mawe ya kufulia nguo, yamepangwa kuizunguka chemchemi. Vyumba vya majengo kama haya huwa na kuta nene na madirisha madogo, na utulivu wake hauna mfano. Aina ya tatu ni majengo ambayo hayakukusudiwa kulaliwa kabisa. Quinta Real ya Zacatecas imejengwa kuuzunguka uwanja wa mapigano ya ng'ombe wa karne ya 19: unakula chakula cha jioni ukiutazama uwanja ule wa duara chini yako, na matao ya mfereji wa kale yamepita ubavuni. Hizi ni za bei ya juu. Usiogope lakini, kila mji una nyumba ndogo za wageni zenye ua mzuri kwa sehemu ndogo ya bei hizo; tafuta zenye jina linaloanza na Posada, Mesón au Casa, kisha utazame picha za ua, si za kitanda.

Baada ya hapo, uliza maswali haya kwa barua pepe kabla ya kulipa. Kihispania chepesi cha programu ya tafsiri kinatosha.

Chumba kinatazama wapi? Cha mtaani kina roshani na mwanga, ila kina kengele za kanisa, mbwa na wanafunzi waimbaji wanaozunguka usiku na gitaa. Cha uani hakina kelele za nje, lakini ua wa mawe hukuza sauti: ikiwa mgahawa wa hoteli uko hapo chini, utasikia kila kijiko mpaka ufungwe. Kuna na vyumba ambavyo dirisha lake pekee linafunguka kwenye ujia wa matao, hivyo unachagua kati ya hewa na faragha. Kwangu chumba bora ni cha ghorofa ya juu kwenye ua wa pili.

Je, kuna lifti? Mara nyingi hakuna, maana majengo haya yanalindwa na taasisi ya urithi wa kale, INAH, na mwenye hoteli hawezi kubomoa anavyotaka. Ngazi za mawe ni ndefu na zimelika katikati. Mwenye magoti mabovu aombe chumba cha chini mapema, si siku ya kufika.

Kuna kitu cha kupasha joto? Watu hudhani Meksiko ni joto tu. Ukuta wa nusu mita ukishapoa Januari haupati joto tena kwa jua la mchana. Hoteli nzuri huwa na meko au hita ya kubeba. Nyingine hutoa mablanketi zaidi ukiomba.

Gari linafika mlangoni? Kama halifiki, uliza ushukie wapi na kama kuna mtu wa kuja kukubebea mzigo. Hoteli za Guanajuato zimezoea swali hili.

Bei hiyo ni pamoja na kodi? Kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 na kodi ya malazi ya jimbo, asilimia chache zaidi. Bei ya kuvutia mtandaoni inaweza kupanda karibu kwa moja ya tano ukifika mezani.

Ukifika, omba uonyeshwe chumba kabla ya kufungua begi. Si utovu wa adabu huko. Simama katikati, fumba macho, sikiliza kwa dakika nzima. Fungua bomba la maji moto uone yanachukua muda gani: lile lenye herufi C ndilo la moto, la baridi lina F. Nusa bafu, maana mabomba ya nyumba kuukuu hutoa harufu. Kama kuna tatizo, sema papo hapo kwa upole, na mara nyingi utapewa chumba kingine.

Hatua ya tano: pesa

Sarafu ni peso, na alama yake ni ile ile ya dola. Ukiona chumba kimeandikwa $1,800, zinaweza kuwa peso. Hoteli za ngazi ya juu za San Miguel zinaweza kutaja bei kwa dola za Marekani, kwa hiyo tafuta herufi MXN au USD kabla ya kubonyeza. Toa fedha kwenye mashine za benki, ndani ya benki yenyewe, na mashine ikikuuliza kama ikubadilishie kwa sarafu ya nyumbani kwako, kataa. Kiwango chake ni kibaya. Weka noti ndogo za kutosha, wauza chakula na madereva hawana chenji ya noti ya 500. Bahashishi mgahawani ni asilimia 10 hadi 15, na mbeba mizigo na msafisha chumba wapewe chao mkononi.

Hatua ya sita: siku mbili za kwanza nenda taratibu

Mita 2,000 hazimlazi mtu mzima mwenye afya, ila zinamchosha. Utahema ukipanda ngazi, na usingizi wa usiku wa kwanza unaweza kukatika. Kunywa maji mengi, ya chupa au ya mtungi wa hoteli, usinywe ya bombani. Pombe iache hadi siku ya pili. Viatu viwe na soli ya mpira inayoshika: mawe ya mitaa ya San Miguel yamelainika kwa karne za miguu, na mvua ikinyesha huteleza vibaya. Beba sweta hata mwezi Mei, na kofia, kwa kuwa jua la mwinuko huunguza ngozi yoyote.

Usipande chochote siku ya kwanza. Kaa kwenye bustani kuu ya mji, tazama watu. Guanajuato, siku ya pili jioni, panda treni ndogo inayovutwa kwa kebo iliyo nyuma ya ukumbi wa Teatro Juárez hadi kwenye sanamu ya El Pípila, shujaa wa uvamizi wa Alhóndiga, halafu ushuke kwa miguu kupitia vichochoro.

Hatua ya saba: tazama na wale waliojenga

Ukilala katika nyumba hizi bila kuuliza zililipwa na nani, umepata nusu ya habari. Karibu na Guanajuato, kwenye vilima, liko kanisa la San Cayetano, pembeni mwa mgodi wa La Valenciana, ambao mwishoni mwa karne ya 18 ulikuwa miongoni mwa migodi ya fedha iliyozalisha zaidi duniani. Ndani ya kanisa, madhabahu tatu zimefunikwa dhahabu. Nje, hatua chache tu, ni mashimo ambamo watu walipanda na kushuka wakibeba mawe mgongoni.

Halafu nenda San Gabriel de Barrera, ambayo sasa ni bustani za waridi na chemchemi. Ilikuwa kiwanda cha kusafisha madini. Njia iliyotumika kusafishia fedha Meksiko, iliyoanza Pachuca katika miaka ya 1550, ilikuwa kusaga mawe kuwa unga, kuumwaga uani, kuuchanganya na maji, chumvi na zebaki, kisha kuukanyaga kwa wiki nyingi kwa miguu ya nyumbu na ya watu. Zebaki ilishika fedha, na sumu ikawashika waliokanyaga. Hoteli yako ikiwa na neno hacienda katika jina lake na ua mpana usio na kitu, inafaa kuuliza ua huo ulikuwa wa kazi gani.

Kwa msomaji kutoka Afrika kuna jambo la ziada. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba Waafrika wapatao laki mbili waliletwa Meksiko kwa nguvu wakati wa ukoloni, na baadhi yao waliishia kwenye migodi na majumba ya nyanda hizi za juu. Morelos, ambaye mji wa Morelia umebeba jina lake, alikuwa na damu ya Kiafrika. Ndivyo ilivyokuwa kwa Vicente Guerrero, rais wa nchi hiyo, aliyetangaza kukomesha utumwa mwaka 1829. Sensa ya mwaka 2020 ilikuta zaidi ya watu milioni 2.5 wanaojitambulisha kuwa wa asili ya Kiafrika. Pale Morelia kuna nyumba mbili za Morelos zilizo makumbusho, ile aliyozaliwa na ile aliyoinunua baadaye. Zipe asubuhi nzima.

Katika vijiji vya Wamaya karibu na San Cristóbal, hasa San Juan Chamula, ni marufuku kupiga picha ndani ya kanisa, na si marufuku ya mdomo tu. Zima simu, weka mfukoni, simama pembeni: watu hupiga magoti kwenye majani ya misonobari yaliyotandazwa sakafuni, mbele ya mishumaa iliyopangwa kwa safu, wakizungumza na watakatifu wao kwa sauti ya chini.

Hatua ya nane: siku za mwisho

Usilale mji wa mbali usiku wa kuamkia safari ya ndege ya kimataifa. Malizia Querétaro, hata kama ni kwa usiku mmoja, ili asubuhi uchukue basi linalokwenda moja kwa moja uwanja wa ndege. Ongeza saa mbili juu ya muda uliotangazwa, kwa ajili ya foleni za kuingia jijini. Ukitoka San Miguel mapema, unaweza kupitia Dolores Hidalgo, palipoanzia mapambano ya uhuru asubuhi ya tarehe 16 Septemba 1810, ule aiskrimu ya parachichi au ya mahindi kwenye bustani ya kanisa, na bado ufike Querétaro kabla ya giza. Chumba ukishakirudisha, hoteli nyingi zitakutunzia mizigo hadi jioni ukiomba. Ukiona kuna kitu kilikupendeza, mwambie mwenye nyumba kabla ya kuondoka ni chumba namba ngapi ulicholala. Vyumba vya nyumba hizi havifanani, na siku ukirudi utataka kile kile.